Dk. Eliwaza Mrutu na Ugonjwa Tuliouita Malaria

Marehemu Dk. Eliwaza Aminiel Mrutu alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 kijijini Vudee, wilayani Same, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili wa marehemu Mzee Aminiel na Bi. Raheli, na wa pili ni Wilbard, ndiye huyu aliyesimama mbele yenu, kwa kuwa marehemu aliagiza kwamba historia yake isomwe naye na si mtu mwingine, na kwamba isirukwe hata sentensi moja.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa Vudee hadi 1993, sekondari Same mjini, kidato cha sita Moshi, na mwaka 2004 akahitimu shahada ya fizikia jijini Dar es Salaam. Tarehe 9 Agosti 2006 baba yao alifariki, na kwa kuwa Eliwaza ndiye msomi wa nyumba, alipewa kalamu aandike historia ya baba, naye akaandika kuwa mzee aliugua malaria kwa muda mfupi. Ndugu waombolezaji, Mzee Aminiel aliugua miaka kumi na moja, mikono na miguu ikimrukaruka bila yeye kutaka, akisahau hata majina ya wanawe, na tulimficha chumba cha nyuma, dirisha limezibwa kwa gunia, wageni wakiambiwa amesafiri. Uongo ule ulimuuma Eliwaza mpaka mwisho, na alisema wazi kuwa ndio uliomrudisha darasani.

Tarehe 17 Mei 2008 alifunga ndoa na Bw. Benson Msangi wa Usangi, wakajaliwa binti mmoja, Diana, aliyezaliwa 2010. Mwaka 2013 alirudi kutoka masomoni na shahada ya uzamivu, akawa mtafiti wa picha za ubongo, akitengeneza chembe ndogo mno, zisizoonekana kwa macho, ambazo zikidungwa kwenye mshipa wa panya huenda kunata pale ubongo unapoanza kuharibika, ili mashine ya MRI ipaone mapema.

Februari 2015 alihitajika mtu mzima asiye na ugonjwa, picha ya kichwa chake ilinganishwe na za wagonjwa, na Eliwaza, asiyependa kusubiri, akapanda mwenyewe kitandani. Mwenzake Bw. Sadock alikuwa kwenye kioo cha kompyuta, mcheshi asiyeishiwa utani, na siku hiyo alirudia kupiga picha ile ile mara tatu, kwa kuwa ilionyesha ubongo umeanza kuharibika. Vipimo vya damu vilithibitisha kuwa ni ugonjwa wa Huntington, ule ule wa baba, ambao mzazi mwenye nao humrithisha mtoto au asimrithishe, nusu kwa nusu.

Tangu siku hiyo alimsihi Wilbard apime, akamweleza kwamba dawa ya kuuponya bado haipo lakini kujua ni heri kuliko gunia dirishani, naye Wilbard, baba wa watoto wawili, akawa anazima simu, anasingizia mavuno ya tangawizi, na Krismasi moja alimwona dada yake akishuka kwenye gari barabarani akapita njia ya nyuma. Hofu haina adabu.

Eliwaza aliacha kazi mwaka 2021, akarudi Vudee, akawa anakaa barazani mchana kweupe, viungo vikimrukaruka, kila mpita njia amwone na amsalimie. Tarehe 3 Novemba 2025 chakula kilimpalia kikaingia mapafuni, akapelekwa hospitali mjini Moshi, na alifariki Jumatano tarehe 5 Novemba, saa kumi na moja alfajiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, watafiti wenzake, usharika, na majirani, hasa Mama Hedwiga, aliyemlisha kwa kijiko miaka miwili bila kuitwa.

Jumatatu ijayo, tarehe 17 Novemba, Wilbard atatolewa damu na kupigwa picha ya kichwa. Anaogopa, na ameomba iandikwe hivyo. Mnaoona karatasi hii inatikisika mikononi mwake msiseme ni majonzi tu, kwa sababu yeye mwenyewe hajui, ilianza tangu Pasaka.

Dada Eliwaza, wewe pumzika kwa amani, sisi uliotuacha bado tunaogopa.