Gwaride la Leza Lisilokuwepo

Mgeni rasmi, mkuu wetu wa chuo, shikamoo. Karibu maabara ya mwanga. Utuwie radhi kwa kukupokea tumeinamisha vichwa. Si usingizi, ni aibu.

TULIKOTOKA

Tulipokuomba kifaa cha kuhesabu fotoni, zile chembe za mwanga, tulitaka uelewe upesi. Tukakuambia, "Za leza hufuatana kwa mpangilio kama askari wa gwaride. Za taa ya moto ni vurugu tupu." Ukacheka, ukakubali kununua. Kisha ukaipenda ile sentensi kuliko sisi wenyewe. Ukaiandikisha ukutani, ukaondoa meza yetu ya pamoja, kila mmoja akapewa dawati lake, asisemeshwe wala asisogelewe. "Muwe kama leza!" ulisema. Tukapiga makofi, maana kifaa kilikuwa bado hakijafika, na mkono usioweza kuukata, ubusu.

MAFANIKIO

Kifaa kinafanya kazi. Bahati mbaya, kinafanya kazi vizuri sana. Tulipopima leza, chembe zilikuja kila moja kivyake, kama matone ya mvua juu ya bati: sasa mbili, sasa kimya, sasa tano. Gwaride hakuna. Tukasema nyaya zimelegea. Tukazikaza, mambo yakawa yale yale. Tukapima mwanga wa taa ya moto wenye ukali uleule, na chembe zake ndizo zilizopenda makundi: zinafika nyingi kwa pamoja, kisha pengo refu. Jibu lilikuwemo kitabuni siku zote, ila kitabu chenyewe tulikuwa tumekiweka chini ya kabati lisiyumbe.

CHANGAMOTO

Changamoto ni sisi. Mwenzetu tunayemwita Miwani haoni vizuri. Kwenye meza ya pamoja tulimsomea tarakimu za skrini, naye akatupigia hesabu kichwani huku akitutania kwa uvivu wetu. Meza ilipotolewa aliuliza, "Jamani, sasa nani atanisomea?" Tukajifanya hatujasikia. Akashindwa majaribio, akafutwa chuo. Siku ya kuondoka alituaga dawati kwa dawati, akipapasa viti, na hatukumsindikiza hata mlangoni.

Hata kama ile sentensi ingekuwa kweli, mheshimiwa, mwanga haufundishi watu namna ya kukaa. Tulilijua hilo. Tuliona haya kukusahihisha.

MAOMBI

Hatuombi kifaa kingine. Maandishi ya ukutani tutayafuta wenyewe, rangi tunayo. Tunaomba meza yetu.

La pili halingoji. Miwani yuko getini tangu asubuhi, yeye na mama yake. Tumemwita sisi, bila kibali chako. Mlinzi anasema jina lake halimo kwenye orodha, naye hana kosa. Tunaomba umpigie mlinzi simu sasa hivi amruhusu aingie, kabla hujajibu risala hii. Ukikataa, basi tunakusihi utoke ukamwambie Miwani wewe mwenyewe, maana sisi hatuwezi kumtazama usoni mara ya pili.

Mola akupe afya, na akulainishie moyo.

Ni sisi, wanafunzi wa Maabara ya Mwanga, tuliobaki ndani.