Hilkka Karppinen na Malalo ya Theluji

Raili Tolonen, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, amesema dukani kwamba mama mkwe wangu alitolewa nje kwenye baridi siku zake za mwisho, na kwamba alipokata roho hakuitwa mtu yeyote mpaka mtoto alipoamka. Raili yuko nasi leo katika maziko haya, na simsemi kwa ubaya. Alikuwa wa kwanza kuleta maua. Na aliyoyasema ni kweli yote. Ila aliyasema kwa ufupi, na Hilkka hakuwa mtu wa kusemwa kwa ufupi, kwa hiyo nitaanza mwanzo.

Hilkka Tellervo Karppinen alizaliwa tarehe 14 Januari 1950 hapa Honkavaara, Kainuu, mashariki ya Ufini, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa Vihtori na Saimi Juntunen. Alizaliwa ndani ya sauna, kibanda cha kuogea kwa mvuke kilichoko uani, kwa sababu ndicho pekee kwao kilichokuwa na maji ya moto ya kutosha. Baba yake alikata magogo na kufuga ng'ombe wanne. Mama yake alisimulia kwamba mtoto huyu hakulia alipotolewa saunani kupelekwa nyumbani usiku ule wa baridi. Alipiga chafya mara moja, akalala.

Alianza shule ya kijiji mwaka 1957. Alikuwa akienda kwa mbao za kutelezea theluji majira ya baridi, na kwa baiskeli ya kaka yake majira ya joto. Alimaliza mwaka 1964. Mwalimu alitaka aendelee mjini, lakini mjini palihitaji chumba cha kupanga, na nyumbani palihitaji mikono. Hakulalamika juu ya hilo. Alisema shule ilimfundisha mambo mawili yaliyomfaa maisha yote, kugawanya kwa kichwa na kukausha soksi karibu na jiko bila kuziunguza.

Mwaka 1967 aliajiriwa kuosha vyombo katika jiko la shule ileile. Miaka mitano baadaye akawa mpishi, na alibaki mpishi hadi alipostaafu mwaka 2013. Zaidi ya nusu yetu tulioko humu tumekula kwenye sufuria zake. Kila Alhamisi ilikuwa supu ya njegere. Mume wangu Jouni, ambaye ni mwanawe, anakumbuka kwamba hata yeye hakupendelewa pale.

"Mbona huli?"

"Sizipendi njegere."

"Nani amekwambia uzipende? Wewe kula tu."

Tarehe 24 Juni 1972, Jumamosi ya sikukuu ya katikati ya kiangazi, aliolewa na Taisto Karppinen, dereva wa gari la kusukuma theluji barabarani. Walijaliwa watoto wawili, Päivi mwaka 1975 na Jouni mwaka 1984. Waliishi vizuri. Taisto alikuwa mtu wa maneno machache na Hilkka alikuwa na machache zaidi, kwa hiyo hawakukatizana.

Kamera ya kwanza alinunuliwa na Taisto mwaka 1978. Ilikuwa ya Kirusi, nzito kama jiwe la sauna. Taisto alikuwa na sababu yake. Theluji haijui sikukuu, na kila Krismasi yeye aliitwa kazini huku mkewe akibaki dirishani. Alitaka mkewe awe na jambo la kufanya. Hakujua kwamba jambo hilo litamtoa mkewe nyumbani kabisa.

Ilianza kwa mchana mmoja mmoja. Baadaye Hilkka akawa anawaacha watoto kwa bibi yao Saimi siku ya pili ya Krismasi, anafunga kiunoni kwa kamba sleji ya kuburuta mizigo na kuingia msituni na hema, jiko dogo la kuni, kahawa, soseji na mkate wa shayiri nyeusi. Alirudi baada ya siku mbili, tatu. Tena mwezi Machi, wiki ya likizo ya shule, alikwenda kwa wiki nzima. Watu walisema ana mwanamume huko. Wengine wakasema anakwenda kunywa. Taisto alipoulizwa alijibu, "Kama yupo huyo mwanamume, basi ana miguu ya baridi sana, namhurumia."

Kitu alichokwenda kupiga picha kilikuwa malalo. Kwale wa theluji wakati wa baridi hujirusha ndani ya theluji laini na kulala humo, juu pasionekane kitu. Wakiruka asubuhi huacha shimo lenye alama za mabawa pembeni. Hilkka alipiga picha mashimo hayo. Alipiga pia mahali sungura alipojikunja chini ya mti, na mabonyeo makubwa walipolala kulungu wa msituni, yenye barafu nyembamba ndani kwa sababu ya joto la mwili. Siku ya mwisho, baada ya kukunja hema, alipiga picha mahali alipolala yeye mwenyewe. Taa za kijani zinazocheza angani usiku huku kaskazini hakuzipiga hata mara moja. Alisema hizo ni za watu wa Helsinki.

Kamera ilikesha nje, ndani ya mfuko, isije ikaingia kwenye joto na kujaa ukungu. Betri zililala naye, kifuani. Alipotaka kupiga picha alivuta pumzi, akaibana, akapiga, ndipo akageuza uso na kupumua pembeni. Alinifundisha hivyo nilipoolewa hapa, ingawa mimi picha zangu zote ni za simu.

Mwaka 1996 maktaba ilimwomba atundike picha ukutani kwa mwezi mmoja. Raili alikuja kutazama, na mazungumzo yao yanasimuliwa hadi leo.

"Hilkka we, hili ni shimo."

"Ndiyo."

"Na hili?"

"Shimo la pili."

"Sasa mnyama mwenyewe yuko wapi?"

"Ameamka, ameenda zake. Ulitaka nimsubirishe?"

"Ungempiga akiwa amelala basi, tumwone!"

"Wewe ukilala nije na kamera?"

Kila siku ya Epifania, tarehe 6 Januari, alitundika shuka sebuleni, akaweka projekta juu ya vitabu, akawaonyesha jamaa na majirani slaidi za safari yake, kwa kahawa na keki. Wengi walisinzia. Hilkka hakujali, alisema kwa picha za malalo hiyo ndiyo sifa inayofaa. Siku moja Päivi, akiwa msichana, alimuuliza anawaza nini huko peke yake siku zote hizo, maana wenzake huko shuleni mama zao likizo wanakwenda kwenye jua. Hilkka alifikiri mpaka slaidi ikaanza kupata moto. Akasema, "Likizo ni siku ambazo hakuna anayeniuliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi. Siwazi kitu. Nasikiliza kulivyo kimya, halafu nalala. Nikiamka nakuwa nimewapenda tena wote."

Niseme pia habari ya Januari 1987, kwa kuwa Taisto hayupo kuikana. Baridi ilishuka ghafla hadi digrii thelathini na nane chini ya sifuri, na Hilkka alikuwa hemani, kando ya njia ya magogo. Taisto alikuwa kazini. Aligeuza lile gari la kusukuma theluji, akaacha barabara ya kijiji kama ilivyo, akaingia msituni akisukuma theluji kulia na kushoto hadi kwenye hema. Kumbe Hilkka alikuwa amelala kifudifudi tangu alfajiri, akisubiri kwale watano watoke kwenye theluji ya ukingo wa njia. Gari likapita juu ya ukingo. Kwale wakachomoka mbele ya taa na kupotea.

"Taisto. Umenifukuzia wageni."

"Nilidhani umekufa."

"Sijafa. Nilikuwa kimya."

"Basi panda."

"Sipandi. Zima injini, unywe kahawa, urudi kazini."

Alikunywa, akarudi. Gari la maziwa lilikwama kijijini hadi adhuhuri na Taisto akasemwa kazini, lakini Hilkka aliitunza picha ya alama za matairi pale palipokuwa na malalo. Kwenye slaidi zake zote ndiyo pekee aliyoiita ya mapenzi.

Taisto alifariki tarehe 2 Novemba 2015. Hilkka aliendelea na safari zake. Vuli ya mwaka 2022 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi, na daktari akasema moyo umechoka. Machi 2023 alikwenda na hema mara ya mwisho, si mbali, nyuma ya ziwa, na Jouni alimfuata asubuhi na jioni bila yeye kujua. Kumbe alijua. Aliacha vikombe viwili nje.

Oktoba mwaka huo alihamia kwetu, chumba cha chini, chenye dirisha la barazani. Wiki hiyohiyo, tarehe 19, alizaliwa mtoto wetu Touko. Kwa hiyo nyumba ilikuwa na wawili wa kulishwa, na mmoja wao alikosoa mapishi.

Ilipofika Krismasi hakuweza tena kutembea hadi mlangoni bila kukaa njiani. Alichokitaka kilikuwa kimoja tu, na alikisema kila siku: kulala nje. Hata mara moja tu. Jouni alikataa. Yeye huendesha lori la magogo na huwa nyumbani mwisho wa wiki, na kila aliporudi walianza pale walipoishia.

"Mama, utapata homa ya mapafu."

"Jouni, mimi nakufa. Homa ya mapafu itanikuta nimeshaondoka."

"Usiongee hivyo."

"Niongeeje? Nyumba hii ina joto kama tumbo la ng'ombe. Sipati hewa."

"Nitakufungulia dirisha."

"Dirisha hufunguliwa maua. Mimi mtu."

Jouni alitoka akaenda kupasua kuni ambazo hazikuhitaji kupasuliwa. Hakuwa mkali. Aliogopa kwamba mama yake atakufa na yeye ndiye aliyeruhusu. Hilkka naye aliogopa kufa akitazama dari. Niliwasikia wote wawili kupitia ukutani huku nikinyonyesha, na wote wawili walikuwa na haki. Mwisho wa Februari Jouni aliporudi alikaa kitandani kwa mama yake. Kisha akanijia jikoni akaniambia, "Akitaka tena, mtoe. Mimi siwezi kumtoa kwa mikono yangu. Wewe unaweza."

Jumatatu tarehe 4 Machi, ya wiki ya likizo ya shule, palikuwa na jua na digrii nane chini ya sifuri. Muuguzi wa nyumbani alinisaidia kumtoa. Tulitandika ngozi mbili za kulungu kwenye kiti kirefu cha barazani, tukamwingiza kwenye mfuko wake wa kulalia, kofia ya sufi hadi kwenye nyusi. Alilala kwa muda wa saa mbili. Aliporudi ndani midomo ilikuwa na rangi, akala soseji nzima. Jumanne alilala tena, na Jumatano. Jouni nilimpigia kila jioni. Jumatano waliongea wenyewe kwa simu, na nilimsikia Hilkka akicheka.

Alhamisi tarehe 7 Machi 2024, karibu saa saba mchana, nilitoka kumwangalia. Alikuwa amefariki usingizini, uso umeelekea ziwani. Alikuwa na umri wa miaka sabini na minne. Nilikaa karibu naye. Nilimpigia muuguzi na Jouni saa nane na robo. Huo ndio muda anaousema Raili, aliyekuwa akituona kutoka dirishani kwake.

Ameacha watoto wake Päivi na Jouni, wakwe wawili, wajukuu wanne, dada yake Lempi, na watu wengi wa kijiji hiki waliolishwa naye wakiwa wadogo. Picha zake ziko kwenye ukumbi tutakaonywea kahawa baada ya maziko, na kila mmoja achukue moja. Mungu ampe mapumziko mema, pasipo kuulizwa chakula ni saa ngapi.

Limebaki jambo moja la siku ile ya Jumatatu. Jouni nimeshamweleza, na yeye ndiye ameomba lisomwe hapa.

Touko hulala mchana nje kwenye kigari chake, kama watoto wote wa hapa, na siku hiyo nilikuwa nimeshamfunika kwa sufi na kumweka barazani. Hilkka aligonga kioo kutoka ndani. Nilipoingia alikuwa ameshakaa ukingoni mwa kitanda, anatafuta soksi kwa miguu.

"Huyo ana miezi minne na unamlaza nje," alisema. "Mimi je?"

"Unataka kulala naye, mama?"

"Niweke kando yake. Usiniweke karibu sana, nakoroma."

Muuguzi alipofika tulimtoa, tukamfunga vizuri. Nilipokuwa nainuka kuingia ndani alinishika mkono, glavu kwa glavu.

"Sanni, mwanangu. Siku utakayotoka ukute sijaamka, usipige kelele wala usikimbilie simu. Mwache kwanza mtoto amalize usingizi wake."