Nyanchama Aliyemngoja Mungu Ajibu

Wazee wa kanisa, jamaa wa Nyamarambe mliofika na tope miguuni, majirani na marafiki, mimi ni Gesare, mtoto wa tatu wa marehemu, familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake kwa sababu kaka yangu Machogu anasema sauti yake itakatika njiani, nami sina hakika na yangu, lakini nitasoma.

Mama yetu, Rebeka Nyanchama Obwocha, alizaliwa Nyamarambe mwaka wa 1919, msimu wa kuvuna wimbi, siku ambayo hakuna aliyeiandika, na karani wa kanisa alipodai tarehe siku ya ubatizo wake, Sabato ya 4 Agosti 1934, Mama akampa hiyo hiyo ya siku ile, wakaendelea.

Alisoma miaka miwili katika shule ya misheni, akajua kusoma Biblia na kushona, na huko mwalimu aliwaambia watoto kwamba kuomba ni kuongea na Mungu, naye Mama akalichukua neno hilo kama lilivyo, na kwa kuwa kwetu huwezi kumweleza mkubwa shida yako kabla hujamsalimu na kungoja aitikie, alimsalimu Mungu kwa Ekegusii, lugha yetu, akamwita Tata, yaani Baba, akamuuliza ameamkaje, kisha akanyamaza mpaka alipoona ameitikiwa. Aliomba hivyo maisha yake yote.

Tarehe 12 Desemba 1939 aliolewa na baba yetu, mzee Obwocha, seremala, aliyeketi hapa mbele, wakafanya boma lao juu ya Keroka, wakajaliwa Machogu, Bochaberi, mimi, na Abner. Alilima ndizi, na mwaka wa 1963 akapanda chai, na asubuhi za ukungu, miche ikiwa haionekani, ilisikika sauti yake tu, kisha kimya, kisha sauti tena, hata wageni waliopita kwenda sokoni wakadhani wanawake wawili wanachuma majani humo, mmoja akiwa na sauti ndogo isiyofika barabarani.

Nakiri kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikimkatiza. Nilikuwa mtoto mwenye njaa, ugali unapoa, Mama amenyamaza katikati ya sala, basi napaza sauti, Amina, wenzangu wanaitikia, mikono iko sahanini, naye anafumbua macho na kucheka, "Gesare, umemkata Mungu maneno." Na kanisani haikuwa tofauti, maana aliponyamaza waumini walidhani amemaliza, wakasema Amina na kuvaa kofia zao, yeye bado amesimama macho yamefungwa, na Pasta Oyoo, aliyetutembelea kutoka upande wa ziwa, alidhani anazimia, akaagiza maji.

Tarehe 9 Machi 1966 ndugu yetu Abner alifariki kwa surua, akiwa na miaka minane. Kesho yake Mama alisimama mlangoni, akamsalimu Mungu kama kawaida, akanyamaza, nami nikiwa na miaka kumi na sita nikamwambia kwa hasira kwamba anaongea peke yake, hakuna mtu huko. Tangu siku ile, kwa miaka kumi na moja, nilifumba macho pamoja nanyi bila kuomba lolote, nayasema haya mbele ya wazee kwa sababu Mama alijua, na hakunisema kwa mtu.

Nilipokuwa tayari mwalimu huko Keumbu, nilimuuliza siku moja shambani Mungu humwambia nini anaponyamaza, akajibu bila kuacha kuchuma, "Hasemi kitu. Anakaa tu, kama Bitutu alivyokaa." Bitutu ni jirani yetu, yule pale, ambaye Abner alipofariki alikuja akaketi chini kando ya Mama siku nne, bila neno hata moja.

Desemba 1976 Mama alianza kuumwa na tumbo, na tarehe 30 Mei mwaka huu akalazwa Kisii. Jumanne, 14 Juni, saa tisa alasiri, mvua ikipiga mabati, aliniomba tuombe, akamsalimu Tata, akamtaja baba, akatutaja sisi wote, hata Abner, kisha akanyamaza. Safari hii sikumkatiza. Nilimshika mkono, nikangoja, mvua ikapungua, ikawa kama ndotoni, nikaona kwamba kitanda kile tumekikalia watatu, wala sikuogopa, mpaka muuguzi Margret alipokuja, akamgusa, akaniambia polepole kwamba Mama amekwenda. Sijui aliondoka saa ngapi ndani ya kimya kile.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi, hasa Margret ambaye hakuniharakisha, walimu wenzangu, waumini waliotuletea kuni na maziwa, wachumaji waliochuma chai yake wiki hizi zote, na Bitutu, ambaye tangu Jumanne amekaa tena.

Mama, nilikuambia hakuna mtu huko, nisamehe. Leo asubuhi nilisimama mlangoni pako, nikamsalimu Tata, nikamuuliza ameamkaje, nikanyamaza. Sala yako ya Jumanne bado iko wazi, nimekaa pale pale ulipoiachia, wala sitasema Amina kabla ya Tata.

Pumzika kwa amani.