Kamba Tisa na Nusu Kutoka kwenye Jua

Mheshimiwa Mkuu wa Komine ya Nyarusange. Bwana Mkurugenzi wa shule yetu. Wazee wetu bashingantahe, mnaotuamulia mashauri ya kilima hiki. Ndugu walimu mliotoka Giteranyi, kule Muyinga, mkabadilisha gari mara mbili ili mje kuiona njia yetu ya sayari. Wazazi, wanafunzi, na wewe mzee Urbano uliyejificha mstari wa nyuma kama vile hayakuhusu: habari za asubuhi!

Mtaniwia radhi nikizungumza Kiswahili. Mimi Josefina nilitoka nchi hii mwaka 1972 mgongoni mwa mama, tukikimbia mauaji, nikarudi mwaka 2008 na diploma ya ualimu ya Tanzania, masufuria mawili, na Kirundi ambacho mpaka leo wanafunzi wangu wanakiigiza wakati wa mapumziko. Msidhani siwasikii.

Leo nina furaha kubwa. Lakini kabla sijawatembeza kwenye njia hii, lazima niwaambie jinsi sayari ya Zohali ilivyonirudishia shamba la baba yangu. Naona mnacheka. Chekeni, mi pia nilicheka, baada ya kulia.

Baba yangu, Egidius, alifia ugenini. Aliniachia jina la komine hii na habari za shamba linaloteremka hadi mtoni. Na hapa kwetu ni shamba gani lisiloteremka hadi mtoni? Kwa miaka kumi na moja, kila nilipotoka darasani, niliuliza. Wengine hawakujua. Wengine walijua, wakaanza kuzungumzia mvua. Je, nani kati yetu tuliorudi hajawahi kuzungumziwa mvua?

Basi mwaka huu Upendo wa darasa la sita (simama, mwanangu, wakuone) alinyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, kitabu kimezibananisha sayari hivi karibu na Jua. Mbona zote haziungui?" Miaka yote hiyo nami nilikuwa nazichora vivyo hivyo ubaoni, zimepangana kama vikombe kabatini. Nikasema, haya, tuzipime.

Tulisokota kamba ya katani ya mita mia moja. Kamba hiyo ndiyo kilomita milioni mia moja na hamsini, kutoka Jua hadi Dunia. Jua lenyewe alilitengeneza fundi Mustafa wa Muyinga, duara la bati lenye upana wa karibu mita moja, akalisafirisha juu ya paa la basi hadi huku kwetu Gitega, na njia nzima abiria walidhani ni dishi la televisheni, wakamwuliza kama linashika mpira wa Ulaya. Mustafa, Mungu akubariki, najua uliwajibu kwamba linashika.

Kwa kipimo hicho Dunia yote, pamoja na Mheshimiwa na mimi, ni punje moja ndogo ya haragwe. Utaridi haifiki hata nusu kamba. Zuhura ni karibu robo tatu. Mirihi ni kamba moja na nusu, na mpaka hapo tulikuwa bado tunasikia kengele ya shule. Baada ya hapo, jamani, patupu! Kamba ya pili, ya tatu, ya nne, hakuna kitu, watoto wanauliza kama tumepotea. Mshtarii, yule mkubwa kama chungwa, tukamweka kamba ya tano na kidogo, karibu na kisima. Zohali ikaangukia kamba tisa na nusu. Huko tukapigilia kigingi, katikati ya maharagwe ya mzee Urbano, ambaye hakuwapo, na sisi kwa shangwe zetu hatukuomba ruhusa.

Mgeni angeona kijiti tu. Lakini katika nchi hii, ambako waliokimbia wanarudi kudai mashamba yao, mwalimu aliyerudi kutoka Tanzania, ana kamba mkononi, ana watoto arobaini wanaohesabu kwa sauti, anapigilia kigingi shambani mwa mtu: mnadhani mwenye shamba atafikiria Zohali?

Mzee Urbano hakuja kwangu. Alikimbia kwa bashingantahe, kofia mkononi, akasema, na wazee hawa ni mashahidi: "Mi sitaki matata! Najua hii shamba iko ya Egidius, sikukataa hata siku moja! Lakini huyu mama angekuja kwanza tuongee, asilete watoto ya shule kunipimia!"

Mzee Nazario, anayeongoza baraza, akauliza polepole: "Egidius gani?"

Nilipoitwa nilifika na daftari la sayari, tayari kuomba msamaha kwa miche mitatu tuliyoikanyaga. Wakanieleza alichosema mzee Urbano. Nikakaa chini kwenye nyasi, mwalimu mzima na sketi yangu ya kazini. Mzee Urbano naye, alipoelewa, akashika kichwa: "Iko sayari? Sayari tu? Na mi nimesema yote!"

Angeweza kuyakana maneno yake, maana karatasi hakuna. Hakuyakana. Alisema baba yake alipewa shamba lile sisi tulipokimbia, na tangu alipojua mimi ni binti wa nani, kila nilipomwamkia baada ya misa moyo ulimruka, na amechoka kuogopa. Tukagawana, juu kwake, chini kwangu, tukanywa pombe ya ndizi kutoka chungu kimoja, mirija miwili. Kigingi cha Zohali kilibaki palepale. Ndicho mpaka wetu, na ni yeye aliyeomba tukijengee kwa saruji.

Mzee Urbano, njoo mbele. Njoo! Msimpigie makofi sana, atakimbia tena kwa wazee.

Darasa langu lina dirisha moja, upande wa mashariki. Miaka kumi na moja nilisimama pale nikifundisha kwamba Zohali iko mbali mno, karibu kilomita bilioni moja na nusu kutoka kwenye Jua, na nyuma ya bega langu, dirishani, kulikuwa na shamba la baba.

Baada yake ziko Uranusi, kamba kumi na tisa, na Neptuni, kamba thelathini, ng'ambo ya mto. Ndugu zangu wa Giteranyi, mkipima kwenu, ombeni ruhusa kwanza. Au msiombe.

Nawashukuru nyote kwa masikio yenu; sasa naomba miguu yenu. Mheshimiwa, Jua ni lako, lifunue. Mimi natangulia Zohali, maana nimeacha maharagwe jikoni kwangu, pale chini ya kigingi, na kuna maneno ambayo sijawahi kuyasema katika nchi hii tangu nizaliwe: karibuni kwetu.