Verna Hostetter, Aliyeyataja Majina Yote

Bi Verna Hostetter anastaafu tarehe 30 Septemba, baada ya miaka arobaini na mitatu katika ofisi ya klabu yetu ya besiboli hapa Cobbs Landing. Aliajiriwa kukata tiketi. Kila mechi ya ufunguzi wa msimu, yeye ndiye aliyesimama kwenye kipaza sauti na kuwataja wachezaji wetu wa zamani waliofariki tangu msimu uliopita.

Hakusoma jina kabla ya kulihakikisha. Alipopata habari kwamba Dutch Lindqvist, mchezaji wetu wa zamani, amefariki, alipiga simu nyumbani kwake kutoa pole, akapokea Dutch mwenyewe. "Bado, mama," alisema mzee. "Ikifika nitakuarifu!"

Lakini sisi tutamkumbuka zaidi kwa jina la Odell Gaines. Huyu alituchezea siku moja tu, mwaka 1958. Alipofariki, meneja wetu wa wakati huo, Bwana Pruett, alitaka kulifuta jina lake kwenye orodha.

"Siku moja, Verna! Huyo naye ni mchezaji?"

"Siku moja alicheza, na siku moja amekufa, kama wengine. Namsoma."

Akaendesha gari kwa muda wa saa saba kumtafuta binti wa marehemu, Ernestine. Binti alidhani amekosea nyumba.

"Baba? Baba alikuwa fundi bomba!"

Bi Verna akatoa kadi ya kumbukumbu za mechi ile ya 1958. Odell aliingia kurusha, akawatoa wapigaji watatu kwa mipira kumi na mmoja. Hakuna aliyeugusa hata mmoja. Katika mpira wa mwisho bega lake likachanika, na hakurusha tena.

Ernestine aliikodolea macho kadi ile. "Utoto wetu wote tulimwomba arushiane mpira nasi, akakataa," alisema. "Nilidhani baba hatupendi."

Mwezi wa Aprili, siku ya ufunguzi wa msimu, Ernestine alikuja uwanjani. Jina la baba yake lilipotajwa, watu elfu nne walisimama, kofia mikononi, na uwanja ukanyamaza hata tukasikia kamba ya bendera ikigonga mlingoti. Mimi nilikuwa nyuma ya Bwana Pruett. Naye alivua kofia, na hakuivaa upesi.

Majina mia mbili na sita ameyasoma. Hakukosea hata moja.

Asante, Bi Verna. Tunakutakia afya njema na miaka mingi ya kuketi jukwaani, karanga mkononi, ukiwatazama walio hai wakicheza.