Bwana Godoro na Karakana Iliyokataa Posa

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Bwana Godoro, alizaliwa tarehe 3 Mei 1948, mtoto wa tano wa fundi cherehani. Alisoma hadi darasa la saba. Akiwa la tatu alichapwa kwa kununua dawati la mwenzake, maana dawati lilikuwa la serikali.

Mwaka 1971 alianza kushona magodoro uani. Mwaka 1975 alimwoa muuza vitambaa, ambaye hadi leo hushikilia kwamba ndiye aliyemnunua.

Kwake, kununua biashara ya mtu kulikuwa sawa na kwenda kuposa. Wanasheria walikuja mwisho. Kwanza dada yake alitangulia kupeleka maneno, kisha familia nzima ikafuata: mke akikagua choo, dada akipiga soga na wafanyakazi, yeye akinywa chai. Ndivyo walivyonunua kiwanda cha sponji chenye mashine isiyowaka.

"Baba, hamkuijaribu?" aling'aka binti yake, mhasibu wa kampuni yao.

"Mbona chai yao ilikuwa nzuri?"

Aliyeuza hakufukuzwa. Alipewa kiti kwenye kikao cha familia, na kwa aibu akaitengeneza mashine mwenyewe.

Karakana moja tu ilimtoa jasho, ya jirani yake, fundi springi. "Mwambie kaka yako haijafika umri wa kuolewa," alimjibu dada mtu kila mara. Binti alikosa usingizi. Kampuni kubwa ilikuwa ikiinyemelea karakana hiyo, na bila springi zake familia ingebaki na magodoro ya kulalia wenyewe.

Machi 2023 moyo wa marehemu ulianza kusumbua, hata akalazwa. Fundi springi alifika wodini mikono mitupu.

"Inuka, bwana. Nitagombana na nani?"

"Niuzie kwanza."

"Pona utoke hapa, nitakuuzia."

Binti hakuwahi kumwona baba yake akifurahi vile. Lakini mzee hakutoka. Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Juni. Binti alimlilia baba yake na, tuseme ukweli, aliililia karakana pia.

Jana fundi springi aliingia kwenye kikao cha familia bila kualikwa, akavuta kiti. "Wale wakubwa nimewakatalia. Nimewauzia ninyi. Ila mzee wenu tapeli, tulipatana atoke!" Kisha akalia kuliko wafiwa wote, hata mjane akamshika mkono.

Marehemu ameacha mjane, dada, binti, wana wawili, wajukuu saba, na fundi springi, aliyedai mwenyewe atajwe pamoja na wafiwa.

Apumzike kwa amani, asiwe na haraka tena. Karakana tumeipata.