Sufuria Tisa za Mwalimu Makopo

Ndugu waombolezaji, familia imenipa karatasi hii niisome kwa sababu nina sauti kubwa kuliko wote, na hapo sijisifu, ni kweli tu.

Marehemu mjomba wetu, ambaye nyote mlimwita Mwalimu Makopo naye akaitika, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika chumba cha nyuma cha duka la baiskeli, akiwa kitindamimba wa watoto watatu, akasoma shule ya msingi kuanzia 1966 hadi 1972, kisha sekondari, kisha chuo cha ualimu alikohitimu mwaka 1980, njia ambayo mpwa wake, fundi bati anayewasomea hapa, aliikimbia darasa la sita.

Alifundisha hesabu katika shule moja kwa miaka thelathini na minane, na mwaka 1991, shule ikiwa haina ngoma wala filimbi, alianza kuwafundisha watoto kutunga midundo kwa ndoo, vijiko, funguo na sufuria zilizotupwa, akichora ubaoni duara kwa pigo na kistari kwa kimya, wala hakumtungia mtoto hata pigo moja, akisema tafuta mwenyewe, masikio unayo.

Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na fundi cherehani, mama yetu huyu, ambaye kila alipoona watoto wanakuja aliwahi kuficha sufuria zake nzima, wakajaliwa binti mmoja, dada yetu muuguzi.

Januari 2024 alianza kuugua figo, wakati ambapo watoto kumi na wawili walikuwa wakitunga barazani kwake mdundo mrefu kuliko yote, kwa sufuria tisa zilizobonyea, kila moja na mlio wake, na alipolazwa tarehe 3 Mei aliomba jambo moja tu, arudi ausikie wote, mwanzo hadi mwisho.

Huku nyuma mpwa wake, ambaye mtaa huu haujapata kuona mnyoosha bati kama yeye, na hilo nalo ni kweli tu, alizikuta sufuria zile barazani, akaona ni aibu kwa mjomba wa fundi, akazinyoosha zote tisa kwa siku moja, akazing'arisha, akazipanga, akasubiri kusifiwa.

Tarehe 1 Juni Mwalimu alirudi, akaketishwa barazani na blanketi magotini, watoto wakaanza, sufuria zote zikatoa mlio mmoja, mdogo wao akasimamisha kijiko akauliza mbona yangu imekufa, wakarudia, wakaacha, na Mwalimu akamgeukia mpwa wake, akamwambia, umenyoosha vizuri, mwanangu.

Siku nne fundi huyo alizibonyeza upya, watoto wakitikisa vichwa, siyo hiyo kaka, siyo hiyo, hadi tarehe 5 Juni saa nne asubuhi, akiwa bado anagonga ya sita, alipoitwa ndani, akakuta mjomba ameshakata roho.

Ameacha mjane, binti, na ubao wenye maduara na vistari vya mdundo ambao hakuna atakayeusikia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliovumilia kelele miaka thelathini na mitatu, walimu wenzake, na watoto kumi na wawili waliokuja leo mikono mitupu.

Mjomba, pumzika kwa amani. Mimi nimefika kwenye kistari.